Sindano ya Nafula na Wivu Wangu

Mdogo wangu Nafula,

Hupokei simu zangu tangu wakati wa kupanda mahindi, na sasa huku Kitale watu wameanza kuvuna. Ujumbe ninaokutumia unausoma na kunyamaza. Basi nimeamua kukuandikia, tena wazi, yeyote anayetaka asome. Nilikuaibisha mbele ya watu, na sioni haki yangu ya kukuomba radhi pembeni.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nimekuonea wivu. Sizungumzii ule wa madada kunung'unikiana, nani kapewa sketi mpya na nani kapewa ya kurithi. Nazungumzia wivu ulionifanya nitamani uharibikiwe, nikaketi kusubiri, na ulipoharibikiwa nikafurahi. Wewe ulidhani mimi ni mtu wa mdomo tu. Nataka ujue kilichokuwa nyuma ya mdomo.

Unakumbuka tulivyokuwa Webuye, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi? Katika zile nyumba zote za wafanyakazi, sisi ndio tuliokuwa watoto wanene. Walituita Gunia Kubwa na Gunia Dogo. Ulipofika darasa la tatu, sare yako ikakataa kufunga, na mama akashonea kipande cha kitambaa ubavuni, rangi ya buluu isiyofanana na ile nyingine. Ulilia ukakataa kwenda shule. Mimi sare yangu ilikuwa inanitosha, lakini nilimwomba mama anitilie kipande kama hicho, tukaenda wote wawili na mabaka yetu, kana kwamba ndiyo mitindo. Nafikiri ufundi wangu wa nguo ulianzia hapo. Na nafikiri ndipo nilipoamini kwamba unene ni wetu sote wawili, kama jina la baba, na kwamba hakuna atakayetoka humo bila mwenzake.

Ndiyo sababu nilifurahi mwaka juzi, baada ya yule nesi kutupima kanisani na kutuambia kwamba presha zetu zimeanza kupanda, ulipokubali tupunguze pamoja. Wewe ulikuwa tayari Bungoma na kazi yako ya ofisi, mimi hapa na cherehani yangu. Kila asubuhi tulitembea huku tukiongea kwa simu. Nilikuwa natoka Kibomet nikielekea mjini, nawe unahema sikioni mwangu ukisema, "Dada, nimefika reli, wewe uko wapi?" Nikidanganya kwamba niko mbele ya pale nilipokuwa, unajua, unacheka. Niliacha sukari. Niliacha chapati. Wateja waliponiletea mandazi nilimpa jirani wa duka la viatu, kisha nikakaa nikisikia harufu yake ikipenya ukutani.

Nilipungua, hilo huwezi kulikana. Sketi zilianza kunizunguka kiunoni. Miezi mitano nililala na njaa na kuamka na njaa. Kisha mahindi mabichi yakafika sokoni, na siku moja nikala mawili, kesho yake matatu, na kabla mwaka haujaisha mwili wote ulikuwa umerudi, na nyongeza juu. Nilikupigia nikakwambia nimeshindwa. Ukaniambia, "Pole, dada, tutaanza tena." Sauti yako ilikuwa nyepesi. Sikujua kwamba wewe wakati huo ulikuwa umeshaanza kushuka, na kushuka kwako hakukuwa na mahindi ya kukurudisha.

Picha zikaanza kuja. Shingo yako ikatokea. Mifupa ya mabega, ambayo mimi sijaiona yangu tangu nizaliwe, ikatokea. Mama akawa hanipigii simu bila kukutaja: Nafula amekuwa msichana, Nafula anapanda ngazi bila kupumzika, Nafula amejikaza. Ndipo chama cha mama kikakualika uwaeleze siri yako. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vile vya plastiki vyenye mikono, na mimi na mikono hiyo hatuelewani. Ulisimama na ile gauni ya kijani ukasema, "Ni kujikaza tu, akina mama. Ukiamua, unaweza."

Walipiga makofi, nami nikapiga. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi maishani mimi nimeamua. Niliona kwamba wewe umepewa moyo mimi sikupewa, na kwamba tangu utotoni nilikuwa nakubeba mgongoni kumbe nabeba mtu mwenye miguu mizuri kuliko yangu. Nilienda nyumbani nikala ugali wa watu wawili, peke yangu, kwa hasira.

Halafu ukaja kukaa kwangu zile wiki mbili za mafunzo ya kazi. Jioni ya kwanza ukaniuliza kama friji yangu inafanya kazi vizuri. Nikafikiri umeleta maziwa. Ukatoa kwenye mkoba kiboksi, na ndani ya kiboksi sindano iliyofanana na kalamu, ukaiweka nyuma ya majani ya vitunguu kama mtu anayelaza mtoto. Nikakuuliza hiyo ni nini. Ukakaa kwenye kiti cha jikoni ukaniambia yote: daktari wa Eldoret, sindano moja kila wiki, mwezi wa nane sasa. Nikakuuliza mbona uliwaambia akina mama ni kujikaza.

"Ningesema nini, dada? Ati mwili wangu nimenunua?"

Ukaendelea, na maneno haya ndiyo yaliyonimaliza. "Unajua vile chakula huongea kichwani? Hata umeshiba, bado kinaongea. Sasa kimenyamaza. Naona chapati, naona tu chapati."

Nafula, kama ungeniambia umeshinda gari ningekupongeza. Lakini hilo la chapati lilinichoma hadi leo. Nilikuwa nimejua kwamba watu wembamba wako duniani, sikuwa nimejua kwamba vichwani mwao kuna kimya. Nilidhani na wao wanasikia sufuria ikiwaita, ila wana ubavu wa kutoitika. Na wewe, Gunia Dogo, uliyekuwa ukiamka nami kulamba mwiko, ulikuwa umevuka ukafika kwenye kimya hicho, ukaniacha huku kwenye kelele.

Uliniambia pia kwamba siku mbili za kwanza kila wiki unatapika, na kwamba wakati mwingine unaenda kazini ukiwa umeshika ukuta. Nilisikia, ila sikukuhurumia. Ulisema daktari amekwambia huenda ukahitaji dawa hiyo kwa miaka mingi, pengine maisha, na ukiiacha uzito utajaribu kurudi. Hapo ndipo niliposikiliza vizuri. Kumbe ule mwili ni wa kukodi, nikajiambia, na nikalala usingizi mzuri.

Ukaniomba niendelee kukuwekea sindano zako za akiba, maana mama mkwe wako anakaa nawe na hufungua friji yako kila saa. Nikakubali. Ndivyo nilivyokuwa mlinzi wako. Kila mwezi ulikuja kuchukua, na kila mwezi ulikuja na nguo za kupunguzwa. Sikuwahi kukwambia kwamba adhuhuri moja niliitoa moja, nikaketi nayo kitandani, nikavuta kifuniko, nikashika nyama ya tumbo langu kwa vidole. Nilitaka kile kimya hata kwa siku moja. Sikuogopa dhambi ya kuiba. Niliogopa kwamba itafanya kazi, kisha nitabaki nikikuomba. Nikarudisha kifuniko na kuiweka mahali pake nyuma ya vitunguu.

Na ile gauni ya kijani. Uliponiletea niitie ndani mara ya pili, ilikuwa imekupwaya hadi ungeweza kuingia na rafiki. Fundi akishapunguza nguo kiasi kile hukata kitambaa kinachobaki, la sivyo mshono unavimba ubavuni. Mimi sikukata. Nilikikunja vizuri, nikakilaza ndani chini ya bitana, nikakipiga pasi mpaka hakikuonekana. Ulipoivaa mbele ya kioo ukaniambia sina mpinzani Kitale nzima. Nikatabasamu na pini mdomoni. Nilikuwa nimekuwekea nafasi ya kunenepa.

Ilikuja ile Jumamosi ya shukrani, mama alipopona mguu na sote tukakutana nyumbani Webuye. Nilikuwa jikoni tangu asubuhi nikinyonyoa kuku. Wewe ulifika saa sita na kila mtu akasimama. Senge alikushika mkono akakuzungusha kama bibi harusi. Kisha akanigeukia mimi, shangazi yetu huyu ambaye hakumbuki kwamba watu wana masikio, akasema mbele ya chama kizima: "Na wewe, Nasimiyu, si uige mdogo wako? Mwenzako ana nidhamu."

Ungenyamaza tu ningepona. Lakini ulicheka kidogo ukasema, "Atafika, Senge, kila mtu na wakati wake."

Nilikuwa nimebeba bakuli la supu. Nililiweka chini kwanza, nakumbuka, kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa nimepandwa na hasira nisijue ninachofanya. Nikasema, "Nidhamu ya Nafula iko kwa friji yangu. Ikiisha anaenda kununua ingine."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mama akauliza nidhamu gani inakaa kwenye friji, na mimi nikaeleza. Nilieleza yote, Nafula, kwa utulivu, kama mtu anayesoma kumbukumbu za mkutano: sindano, kila wiki, Eldoret, maisha. Nikaona nyuso zao zikigeuka moja moja kutoka kwangu kuja kwako. Mmoja akasema, "Ati sindano?" Na wewe hukubishana. Ulichukua lile bakuli nililoliweka chini, ukawapakulia wazee supu, ukamaliza mezani, ukanawa mikono, ukachukua mkoba wako ukaenda. Hukuniangalia. Sijawahi kuona mtu akiondoka kwa heshima kiasi kile, na hata hilo nilikuonea wivu.

Wiki iliyofuata hukuja kuchukua dawa. Wala mwezi uliofuata. Nilisikia kwa mama kwamba umeacha, kwamba umesema utawaonyesha watu unaweza bila sindano. Nilizitazama zile kalamu zako kwenye friji na nilijua kitakachotokea, kwa sababu mimi nilishapita njia hiyo kwa miguu. Ningeweza kukupigia siku ile ile kukwambia usifanye hivyo kwa sababu ya mdomo wangu. Sikupiga. Nilisubiri mpaka nilipokuwa na uhakika kwamba hutapokea.

Baadaye ukanitumia ile gauni ya kijani kwa gari la mizigo, imefungwa kwenye gazeti, na karatasi ndogo: "Fungua kitambaa ulichoniachia. Niliona chini ya bitana." Maneno saba tu, bila salamu. Nilifungua ule mshono siku hiyo hiyo. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za watoto akaniambia, "Fundi, leo unaimba." Nilikuwa kweli naimba. Mdogo wangu alikuwa anarudi kwangu kidole kwa kidole, na mimi nikaimba.

Niliacha kuimba mama aliponipigia kusema umelazwa Bungoma, presha imepanda, umeanguka ofisini. Nilifunga duka na nguo za watu zikiwa bado kwenye cherehani. Nilipofika wodini ulikuwa umelala ukitazama ukuta, na ulipoisikia sauti yangu ukafumba macho. Nakujua, hata ukiwa mdogo ulikuwa unajifanya umelala kwa kubana macho sana. Nikakaa upande wa miguu. Uso wako ulikuwa umejaa tena, ule uso wetu, na kwa mara ya kwanza haukunipa furaha yoyote. Uliniogopesha.

Daktari alikuja, msichana mdogo mwenye miwani. Mama akamuuliza, tena kwa sauti ya kukusuta, kama hiyo sindano ndiyo imekuharibu, na kwa nini mtu mzima asijikaze tu kama watu wengine. Daktari akamgeukia mama. Alimuuliza yeye kama anatumia dawa yoyote.

"Ya presha," mama akasema. "Mwaka wa kumi na mbili."

"Ukiacha?"

"Inapanda."

"Na kuna mtu amewahi kukwambia ujikaze ishuke yenyewe?"

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. Daktari akamweleza polepole kwamba wewe nawe ni hivyo hivyo. Kwamba kutembea kunasaidia na chakula kizuri kinasaidia, lakini kuna miili ambayo hupigana na wenye miili hiyo ili irudi ilikotoka, na hakuna moyo wa kuishinda kila siku kwa miaka. Kwamba dawa ina taabu zake, na hata wao hawajui kila kitu kuihusu, ndiyo maana kama unataka kuacha uache nao wakijua, usiache kwa hasira. Alikuwa anamwambia mama. Mimi nilikuwa natazama blanketi.

Nilifikiri kuhusu ile miezi yangu mitano ya njaa. Maisha yangu yote nimejihukumu kwa ajili ya miezi ile, kisha nikakuhukumu wewe kwa kutopita humo. Na kumbe ulikuwa na kujikaza kwako ambako sikukuhesabia: kujidunga mwenyewe kila wiki, kutapika, kuosha uso, kuingia ofisini. Mimi nilitaka uteseke kwa namna yangu, ndipo niite nguvu.

Ulifumbua macho mara moja tu, nilipoinuka kuondoka. Ukaniuliza, "Umefurahi sasa?" Sikukujibu. Jibu ni ndiyo, nilifurahi, kwa wiki nyingi, na niliacha siku ile tu. Nilikuwa nadaiwa jibu hilo nawe, na ndilo hili.

Nimefanya jambo moja tangu wakati huo. Nilienda kwenye mkutano wa chama, nikakaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, na kikanibana kama nilivyotarajia. Nikawaambia kwamba siri niliyoitoa haikuwa yangu, na kwamba sikuitoa kwa kupenda ukweli. Niliitoa kwa sababu nilitamani kuwa wewe. Kisha Senge, unamjua, akasema yeye amekunywa majani ya chai ya kupunguza tumbo miaka mitatu, na kitu pekee alichopunguza ni usingizi. Wakacheka, na wengine wakaanza kusema yao, mmoja mikanda, mwingine kufunga kula mpaka akazimia shambani. Hakuna aliyesema neno kujikaza siku hiyo. Nilitamani ungekuwepo.

Usifikiri nimepona, lakini. Wiki jana mama ameniambia umerudi kwa daktari, umeanza tena dawa, umekubaliana naye namna ya kuendelea, na tayari nguo zimeanza kulegea. Wivu ukarudi, ule ule. Nilimjibu mama kwamba nimefurahi, na karibu nusu yake ilikuwa kweli. Yule daktari alikuwa ameniambia pale mlangoni kwamba na mimi niende nipimwe, bila kunilazimisha. Bado sijaenda. Naogopa kwamba nikidungwa na kile kimya kikaja, itanibidi nilie kwa miaka yote niliyojitukana bure. Na kisipokuja, naogopa nitakuchukia upya. Nitaenda, nadhani. Nikienda sitamficha mtu.

Sindano zako mbili zilizobaki nimempa mfamasia aziharibu, maana muda wake ulikuwa umepita. Usije kwangu kuzitafuta. Na kama hutaki kuja kabisa, usije. Sikuandika ili unisamehe haraka, wala ili uniambie si kitu. Ni kitu. Kaa huko Bungoma, pokea simu za watu wengine, dunga dawa yako mbele ya mama mkwe ukitaka. Akikuuliza unaitumia mpaka lini, mwambie mpaka utakapochoka kuishi.

Wivu huu nitazeeka nao, najijua. Lakini nimekaa nao wodini upande wa miguu yako, nikaupima kama ninavyopima mtu kwa tepu, na nimejua unapoishia. Nataka uishi, Nafula, hata kama utaishi ukiwa mwembamba kuliko mimi.

Wasalimie watoto, na wewe mwenyewe ujisalimie kwa niaba yangu mpaka utakaponiruhusu nikusalimie mwenyewe.

Ni mimi, dada yako wa pekee,
Nasimiyu
Kibomet, Kitale